Warsha ya walimu wa Kiingereza Japani: dakika 90 na namna ya kuzitumia

Mwezi Agosti, shule za Japani zikiwa kwenye likizo ya kiangazi, ndio msimu wa kenshu. Kenshu ni mafunzo kazini, na mwalimu wa shule ya serikali hulisikia neno hilo mpaka masikio yazoee: kenshu ya mwaka wa kwanza kazini, kenshu ya walimu wazoefu, kenshu ya mtaala mpya, kenshu ya vishikwambi. Nyingi huandaliwa na bodi ya elimu ya mkoa au ya mji, kwenye ukumbi uliopangwa viti safu kwa safu kuelekea jukwaani. Mtaalamu anazungumza dakika 70, anabakiza 20 za maswali, hakuna anayeuliza, watu wanapiga makofi na kujaza hojaji. Septemba shule zikifunguliwa, somo la Kiingereza linafundishwa vilevile lilivyofundishwa Julai.

Inaniuma kuona saa za walimu waliochoka zikipotea namna hiyo, kwa sababu dawa yake haina gharama. Warsha ina faida pale mwalimu anapotoka mlangoni na kipande cha somo lake mwenyewe, la wiki ijayo, ambacho ameshakifanyia mazoezi kwa sauti mbele ya watu, pamoja na yule atakayesimama naye darasani. Ninayoeleza hapa yote yanaelekea huko.

Kwanza ni vizuri kujua nani anakaa kwenye vile viti. Yupo mwalimu Mjapani wa Kiingereza wa sekondari, mwenye leseni ya somo hilo, anayeijua sarufi nje ndani. Yupo mwalimu wa darasa wa shule ya msingi, anayefundisha kila kitu kuanzia hesabu mpaka michezo, na ambaye tangu 2020 ameongezewa Kiingereza kama somo kamili kwa darasa la 5 na la 6, vipindi 70 kwa mwaka. Darasa la 3 na la 4 wana vipindi 35 vya kuizoea lugha bila kupewa alama. Mwalimu huyu mara nyingi hakusomea kufundisha Kiingereza kabisa. Ni fundi wa kushika watoto, anajua nani ana huzuni leo na nani hapaswi kukaa karibu na nani, lakini akiambiwa aseme sentensi mbili za Kiingereza mbele ya wenzake anajikunyata. Mwezeshaji asiyeuona ufundi wake, akamtendea kama mwanafunzi dhaifu wa lugha, amempoteza kuanzia dakika ya kwanza.

Wa tatu ni mwalimu msaidizi wa kigeni, ambaye kila mtu humwita ALT. Wengi wanaletwa na programu ya JET, mpango wa serikali ya Japani wa kuleta vijana wa kigeni, ulioanza 1987: sharti ni shahada ya chuo kikuu, ya fani yoyote, na mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja mpaka ufike mitano. Wengine wameajiriwa na bodi ya elimu moja kwa moja, na wengine wanapitia kampuni. Hapo kwenye kampuni pana mtego ambao waandaaji wageni hawaujui. Ipo mikataba ya ukandarasi ambayo chini yake shule hairuhusiwi kisheria kumpa ALT maelekezo ya kazi. Maelekezo lazima yapitie kampuni yake. Ukipanga warsha ya wawili wawili bila kuuliza aina ya mkataba, utakuta nusu ya jozi zako hazina mtu wa pili. Mpigie simu afisa wa bodi miezi miwili kabla, umuulize hilo tu.

Kalenda nayo ina ukali wake. Mwaka wa shule unaanza Aprili, na Aprili hiyohiyo walimu Wajapani wanahamishwa shule. ALT wa JET wengi wanawasili mwishoni mwa Julai na Agosti. Kwa hiyo jozi inayojuana vizuri hupatikana kati ya Septemba na Machi tu, kisha inavunjika. Mei na Oktoba kuna mitihani ya katikati ya muhula, Julai na mwisho wa Novemba ya mwisho wa muhula, na Februari watu wa sekondari wamezama kwenye mitihani ya kuingia shule za juu. Jumamosi inamezwa na klabu za michezo na muziki, ambazo mwalimu wa sekondari ndiye msimamizi wake. Ndiyo maana mikutano ya matawi ya JALT, chama cha walimu wa lugha kilichopo tangu 1976, hufanyika mwisho wa wiki na kujaa walimu wa vyuo vikuu na wa shule binafsi za lugha, huku mwalimu wa sekondari ya serikali akiwa uwanjani na timu yake. Ukimtaka huyo, chagua wiki ya mwisho ya Agosti au alasiri moja ya katikati ya wiki mwezi wa Septemba.

Sasa dakika 90 zenyewe. Tuseme una watu 36, yaani jozi 18. Meza zipangwe mafungu sita, kila fungu jozi tatu. Kila mtu aje na kitabu cha kiada anachofundishia, kimefunguliwa kwenye ukurasa atakaoufundisha wiki mbili zijazo. Hili liandikwe kwenye barua ya mwaliko kwa herufi nzito, na bado uandae nakala za kurasa mbili tatu, maana watu watano watasahau.

Dakika 5 za mwanzo, kila meza inakuta kadi yenye kazi na watu wanaanza. Hotuba ya ufunguzi, mwombe mkubwa aitoe mwishoni. Japani hilo linahitaji kuombwa mapema na kwa adabu, na likiombwa hivyo linakubalika. Dakika 15 zinazofuata unaonyesha zoezi moja, washiriki wakiwa wanafunzi. Dakika 10 mnalifumua: maelekezo yalichukua sekunde ngapi, nani alizungumza, nani alinyamaza, wapi palikwama. Dakika 25 jozi zinakaa na vitabu vyao na kulishona upya zoezi lile liendane na ukurasa wao. Dakika 25 nyingine ni mazoezi ndani ya mafungu: kila jozi inafundisha dakika 5, inapata maoni dakika 3, na jozi tatu zinakula dakika 24. Dakika 10 za mwisho kila jozi inaandika tarehe, darasa na kipindi itakachojaribia, na kuipiga picha karatasi hiyo.

Zoezi moja linatosha. Waandaaji wengi wanaona aibu kuleta zoezi moja, wanakuja na michezo 12 kwenye kitini cha kurasa 30. Kitini kinapendeza, kinawekwa kabatini, na hakuna hata mchezo mmoja unaofika darasani, kwa sababu hakuna uliopata muda wa kufanyiwa mazoezi. Kwa warsha ya kwanza mimi ningechagua mazungumzo mafupi ya wawili wawili, ambayo yamo kwenye kazi za darasa la 5 na 6 na yanaendelea mpaka sekondari. Sababu ni ya hesabu tu. Darasa la wanafunzi 36, mwalimu akimwinua mmoja mmoja kwa sekunde 20, linatumia dakika 12 na kila mtoto amezungumza sekunde 20. Wakikaa wawili wawili, raundi tatu za dakika moja moja, dakika 3 zimetumika na kila mtoto amezungumza kama sekunde 90.

Siri ya zoezi hili iko katikati, kwenye mapumziko baada ya raundi ya kwanza. Mada ni mwisho wa wiki. Watoto wanaulizana "What did you do last weekend?" kwa dakika moja, kisha mwalimu anawasimamisha na kuuliza: kuna kitu mlitaka kusema mkashindwa? Karibu kila darasa atatokea mtoto wa kusema alitaka kusema "gorogoro", neno la Kijapani la mtu aliyeshinda nyumbani akigaagaa bila la kufanya. Mwalimu akikimbilia kamusi, ameua zoezi. Analirudisha swali darasani: kwa Kiingereza tulichonacho, tutalisemaje? Mmoja anasema "I stayed home", mwingine "I slept a lot", wa tatu "I did nothing". Zote tatu zinaandikwa ubaoni, na sasa darasa lina njia tatu za kusema jambo ambalo dakika moja iliyopita halikusemeka. Kisha kila mtoto wa safu ya kulia anasogea kiti kimoja mbele, mwenza mpya, raundi ya pili. Na ya tatu.

Hapa pana makosa mawili ya kila siku. La kwanza, mapumziko ya dakika 2 yanageuka somo la sarufi la dakika 7, watoto wanapoa. La pili, kengele inakaribia na mwalimu anaikata raundi ya pili. Bila raundi ya pili yale maneno ya ubaoni hayakumfaa mtu. Muda ukibana, kata raundi ya kwanza iwe sekunde 40, ya pili uiache nzima. Washiriki walifanye kosa hili warshani, wakati wa mazoezi yao ya dakika 5, wenzao wakishika saa. Wakilionja hapo, darasani hawalirudii.

Matamshi yanastahili warsha ya peke yake, na msomaji wa Kiswahili anayaelewa haraka kuliko Mwingereza. Kijapani kina irabu tano kama sisi, na silabi zake nyingi zinaishia kwenye irabu kama zetu. Sisi tumechukua maneno ya kigeni tukayafanya basi, kadi, hoteli. Wao wameyafanya basu, kaado, hoteru. Ni tabia ileile ya kutoiacha konsonanti ikining'inia. "Strike" ya Kiingereza ni silabi moja. Kwa katakana, herufi za Kijapani za kuandikia maneno ya kigeni, inakuwa su-to-ra-i-ku, mapigo matano. Mtoto akisoma Kiingereza kilichoandikiwa katakana juu yake, na wengi huandika hivyo kwa penseli, anatamka mapigo hayo yote kwa urefu sawa, na msikilizaji wa nje anapotea.

Wawezeshaji wa kigeni hupenda kutumia nusu saa kwenye R na L. Naona ni muda uliowekwa pasipo pake. Irabu zilizoongezwa na mkazo uliokosekana vinaziba maana mara nyingi zaidi, na vinarekebishika upesi. Chukua sentensi "I want to go to Kyoto". Washiriki waipige makofi kwanza kwa katakana, kila silabi kofi; watafika makofi kumi na zaidi. Kisha waipige makofi matatu tu: "want", "go", na silabi ya kwanza ya "Kyoto". Maneno mengine yabanwe katikati ya makofi. Anayeshindwa kubana aanzie nyuma: "Kyoto", kisha "to Kyoto", kisha "go to Kyoto", mpaka afike mwanzo, kasi ya makofi isibadilike. Mpe kila mmoja mpira wa kufungia noti, auvute kwenye silabi yenye mkazo na kuulegeza kwenye nyingine. Mwalimu wa shule ya msingi anayeogopa kuzungumza anaweza kuongoza zoezi hili vizuri kabisa, kwa kuwa kazi yake ni kushika mapigo, sauti ya mfano anaitoa ALT. Ndio mgawanyo mzuri wa kazi darasani, kuliko ule ambao ALT anasoma kitabu kama kinasa sauti huku mwenzake akitafsiri kila mstari.

Kuhusu ukimya. Ukiuliza "kuna maswali?" kwenye ukumbi wa Japani, utapata ukimya, na mwezeshaji mgeni ataudhani kuwa ni kuelewa au ni kutojali. Mtu haulizi mbele ya watu 36 kabla hajajua kama swali lake ni la wengine pia. Sema: zungumzeni na jirani dakika moja, kisha andikeni swali moja kwenye kikaratasi. Utapata maswali 15, mengine makali. Vilevile usimchomoe mtu ghafla; mwambie "dakika tatu zijazo nitaomba meza hii itueleze", naye atajiandaa na kusema vizuri.

Mbali na warsha za ukumbini, Japani ina mafunzo yake ya asili ambayo nayathamini kuliko yote: jugyo kenkyu, utafiti wa somo. Walimu wa hisabati na sayansi wa Kenya wanaijua familia hii kupitia mradi wa SMASSE, ulioanza 1998 kwa msaada wa JICA, shirika la misaada la Japani. Mwalimu mmoja anaandika andalio la somo la kina, liitwalo shidoan, lenye safu ya anachofanya mtoto, safu ya anachofanya mwalimu na safu ya namna ya kupima. Wenzake wanalisoma kabla. Siku ya somo wanasimama pembeni na nyuma ya darasa, kimya, kila mmoja akimfuatilia mtoto mmoja au wawili. Watoto wakiondoka, wanakaa kwenye kikao: aliyefundisha anasema kwanza, wenzake wanafuata, mshauri kutoka bodi au chuo anamalizia.

Kikao hicho ndipo mambo huharibika. Wenzake wanasifu kwa adabu, mshauri anachukua nusu ya muda, na mwenye somo anarudi nyumbani na pongezi tupu. Vikaratasi vya kunata vya rangi tatu vinasaidia sana: bluu kwa kilichofanya kazi, waridi kwa kilichokwama, njano kwa pendekezo, vyote vinabandikwa juu ya andalio lililokuzwa ukubwa wa A3, mahali hasa lilipotokea jambo. Weka sharti moja: kila kikaratasi kianze na dakika na mtoto. "Dakika ya 17, mtoto wa dirishani, safu ya tatu, alisema 'I goed', mwenzake akacheka, akanyamaza mpaka mwisho." Kikaratasi cha namna hiyo hakimlaumu mwalimu wala hakimpambi, kinampa kitu cha kukitengeneza. "Mazingira yalikuwa mazuri" hakimpi chochote. Na ALT apewe vikaratasi kama wengine, na mtu wa kumtafsiria, maana kikao kinaendeshwa kwa Kijapani na mara nyingi yeye ndiye aliyekuwa karibu zaidi na midomo ya watoto.

Hatari nyingine ya somo la wazi ni kulifanyia mazoezi na watoto walewale siku mbili kabla. Siku yenyewe kila mkono unainuka, kila jibu ni sahihi, na hakuna aliyejifunza, si watoto si watazamaji. Jozi ifanye mazoezi na walimu wenzao, au na darasa lingine.

Mambo madogo ya ukumbini. Ikiwa warsha iko shuleni, viatu vinavuliwa mlangoni. Njoo na ndara zako za ndani na mfuko wa viatu, hasa kama mguu wako ni mkubwa, maana ndara za wageni ni fupi. Fika dakika 30 mapema, kwa sababu projekta ya shule huenda haina tundu la kompyuta yako. Ubao unashika sumaku, kwa hiyo andaa kadi zako kwa A4, zinasomeka mpaka safu ya nyuma. Vitini visizidi karatasi moja ya A3 iliyokunjwa. Na maliza kwa wakati: dakika 5 za ziada zinaweza kumfanya mtu akose basi la saa nzima.

Hojaji ya mlangoni haikuambii kitu. Karibu wote huweka alama 4 au 5 kwa adabu. Tangu leseni za walimu zilipoacha kuhitaji kuhuishwa kila miaka 10 kwa saa 30 za mafunzo, mfumo uliofutwa Julai 2022, bodi zinatunza rekodi ya mafunzo ya kila mwalimu, na ni rahisi rekodi hiyo ikawa orodha ya mahudhurio tu. Tuma ujumbe wiki tatu baadaye, swali moja: ulilifanya lile zoezi tarehe uliyoandika, na lilikwama wapi? Ambatisha ile picha ya karatasi yake. Majibu ya "lilikwama hapa" ndiyo malighafi ya warsha ijayo, na nusu ya kazi yako ya maandalizi yameimaliza.

Halafu fikiria Aprili. ALT ataondoka siku moja, mwalimu atahamishwa, na jozi mpya itaanza na kabati tupu. Kila jozi iache karatasi moja ya A4 kwenye faili la Kiingereza la shule, kwa lugha zote mbili: zoezi gani, ukurasa gani wa kitabu, dakika ngapi kila hatua, maneno yaliyoandikwa ubaoni wakati wa mapumziko, na wapi watoto walikwama. Ibandikwe ndani ya jalada la mbele, mahali ambapo mgeni atafungua kwanza.